Fundi simu wa nyuma ya soko la Kenya: kwanza atakuuliza "Flashi gani, mama?"

Kibanda hakina kibao wala jina. Ukiwauliza vijana wa pale fundi mzee yuko wapi, watakuonyesha kwa kidevu bila kuacha kazi yao. Kwa msomaji asiye wa hapa Lubumbashi, Kongo: Kenya ninayoitaja ni komini, yaani sehemu moja ya mji wetu, si ile nchi, na soko lake ndiko ninakonunua uzi, zipu na bitana miaka yote. Toka upande wa wauza mawese, fuata mtaro, hesabu milango ya mabati mpaka ule wa buluu ulioegemezwa jiwe. Ndani utakuta meza, taa ya shingo ndefu, benchi la mbao, na mzee mwenye miwani machoni na nyingine kwenye paji la uso.

Nimempelekea simu tatu tangu mvua zianze: yangu, ya dada yangu, na ya mteja wangu mmoja. Mbili zimepona. Ya tatu alinirudishia siku hiyohiyo, akasema imekufa, tusimwage pesa, na hakunidai kitu zaidi ya ile ada ya kuifungua. Ni mwaminifu, ana subira ya kueleza, na ni mzito wa kumaliza kazi kuliko hata mimi na libaya, zile blauzi za kikwembe, za Noeli.

Ila kinachonifanya niandike kirefu hivi ni swali lake. Ukimwambia umekuja kuflashi simu, haigusi. Anakutazama juu ya miwani na kusema, "Flashi gani, mama?" Mara ya kwanza nilidhani ananichezea. Kumbe wiki moja tu nyuma, laiti mtu angeniuliza swali hilohilo, vipimo vya wanawake 22 vingekuwa hai mpaka leo.

Mimi ni mshonaji, Katuba. Kulikuwa na harusi inakuja, na upande wa bibi harusi walichagua kikwembe kimoja cha kijani chenye maua ya njano, watu 22, kila mmoja na mshono wake, maana hakuna anayetaka kufanana na wifi yake. Niliwapima wote kwa siku tatu. Zamani vipimo nilikuwa naandika kwenye daftari, lakini daftari liliwahi kumwagikiwa chai, na jingine mtoto wa jirani alilichana akatengeneza ndege, nikaona simu ndiyo sanduku lenye kufuli. Nikawa naandika humo: jina, kifua 104, kiuno 88, makalio 116, urefu wa mkono, na chini yake picha ya mwenyewe amesimama ukutani, na picha ya mshono alioutamani.

Simu ilikuwa inalalamika kwa wiki kadhaa kwamba imejaa. Sikuisikiliza, nani anasikiliza simu? Jumanne usiku ikaniomba ruhusa ya kujisasisha, nikaipa, nikalala. Umeme ukakatika, chaji ilikuwa kidogo, ikazimikia katikati ya kazi. Asubuhi nembo inatokea, inapotea, inatokea, inapotea, kama taa ya pikipiki yenye waya uliolegea.

Kibanda cha kwanza nilichokimbilia sitakitaja. Kijana wa pale alikuwa mpole, mikono myepesi. Akaibonyeza vitufe mara mbili, akaigeuza, akasema, "Mama, hii ni ya kuflashi tu."

Kwangu mimi flashi ni kile kijiti cha kuchomeka kwenye redio. Ninacho chekundu, cha gigabaiti 32, kimejaa nyimbo za kwaya, kinaimba kutwa nzima ninaposhona. Flashi ni chombo cha kutunzia. Kwa hiyo neno kuflashi liliingia masikioni mwangu likiwa limevaa vizuri sana: atachukua vitu vya ndani ya simu, ataviweka kwenye flashi, ataiponya simu, atavirudisha. Nikamuuliza kwa kuhakikisha tu, "Na bintu yangu?" Naye, huku waya ameshaushika, akanijibu, "Usiogope, mama. Itarudi mupya."

Itarudi mupya! Nikafurahi. Akanitolea kadi ya laini na kadi ya kumbukumbu, akaniwekea kiganjani, nami nikazifunga kwenye pembe ya kikwembe kama pesa ya sadaka, nikiamini kila kitu kimo humo. Nikalipa dola 10 kwa noti mbili. Moja aliikataa kwa sababu ncha yake ilikuwa imechanika kidogo, ikabidi nitafute nyingine. Nalitaja hilo kwa sababu macho yaliyoona mchaniko wa milimita mbili kwenye noti ya dola 5 hayakuona haja ya kuniuliza kama nina kitu ndani ya simu.

Na kweli ilirudi mpya. Ilinisalimia kama mgeni, ikaniuliza nachagua lugha gani.

Halafu ikataka akaunti ya Google iliyokuwamo kabla. Akaunti hiyo alinifungulia mpwa wangu, ambaye siku hizi anasoma Kolwezi, na neno la siri analijua yeye. Kijana akasema kuiruka akaunti hiyo ni kazi nyingine, dola 5 nyingine. Nikakataa, nikampigia mpwa kwa simu ya jirani, akalikumbuka mara ya tatu. (Kufuli hilo liliwekwa ili mwizi asifute simu ya mtu akaiuza kama yake. Fundi anayejisifu kwamba analivunja kwa dakika mbili, jiulize huwavunjia akina nani wengine.) Ikafunguka. Nikaenda kwenye picha. Hakuna. Nikaenda kwenye maandishi. Hakuna. Nikarudisha kadi ya kumbukumbu: nyimbo tatu na picha za ubatizo wa zamani sana. Kumbe miaka yote simu ilikuwa inaweka vitu vyangu tumboni mwake, kadi ilikuwa imekaa tu humo kama mpangaji asiyelipa. WhatsApp ilinirudishia mazungumzo ya mwaka juzi, kwa sababu tangu mwaka juzi hakuna aliyekumbuka kuihifadhi tena.

Nilichobaki nacho ni namba za wateja, na hizo nazo ni kwa sababu zilikuwa kwenye laini. Lakini laini haikushika mtandao. Juu ya kioo: simu za dharura tu. Kijana akaniambia hiyo ni shida ya laini, niende kwa wenye laini. Wenye laini wakaniambia laini ni nzima.

Harusi ilikuwa siku 11 mbele. Niliwapigia wale wanawake kwa simu ya mwanafunzi wangu, mmoja mmoja, na kuzunguka nao na futi yangu ya kamba: Katuba, Kamalondo, mpaka Ruashi. Wengi walinihurumia. Mmoja aliniambia kipimo chake cha kiuno kilikuwa 80, nishone 80, hapimwi tena. Nilimwamini kwa mdomo, kitambaa nikakiachia sentimeta sita pembeni, nikamshukuru Mungu baadaye. Wawili walishindwa kukumbuka mshono waliouchagua, wakachagua mwingine, na bila shaka ulikuwa mgumu zaidi.

Ndipo muuza zipu mmoja akanielekeza kwenye mlango wa buluu.

Nilimkuta mzee anakula mikate na chai. Nikamsalimia, nikamwambia yote kwa pumzi moja, kuanzia umeme mpaka kiuno cha 80. Akaninyooshea kidole benchi. Nikaketi upande wa kushoto, na hapo msumari uliochomoza ukanishika kikwembe, mchaniko wa urefu wa kidole. Mshonaji! Akaomba samahani, akasema kila siku anakusudia kuupiga nyundo.

Kwanza alibonyeza nyota, reli, sufuri, sita, reli. Mahali ambapo pangetokea tarakimu 15, palikuwa patupu. Akanigeuzia kioo nione mwenyewe. Akasema kila simu ina namba yake ya kuzaliwa, na mtandao huitambua simu kwa namba hiyo. Aliyeiflashi aliandika vibaya, akafuta hata jina la mtoto. Nikamwambia basi amwandikie jina. Akakataa. Alitaka karatoni la simu, lile ilimokuja, kwa sababu namba ya kweli imechapwa ubavuni. Kuipa simu namba ya simu nyingine, alisema, ni kumpa mtu kitambulisho cha mwenziwe, na yeye hafungwi kwa ajili ya telefone ya mtu. Nikapanda bisi hadi Katuba, nikachakura juu ya kabati, nikarudi na karatoni limejaa vifungo. Akavimimina vifungo vyangu kwenye kisahani, akavihesabu mbele yangu, 41, akanirudishia vyote 41. Hapo ndipo nilipomkubali.

Wakati simu inafanya kazi yake kwenye waya, nikamuuliza kwa uchungu: kwa nini kitu kinachofuta kinaitwa jina la kitu kinachotunza?

Mzee akacheka. Akavuta droo, akatoa kidude cheusi chenye miguu mingi pande mbili, kama jongoo, kutoka kwenye mashine ya ofisi ya zamani. Mgongoni kilikuwa na kipande cha karatasi ya kunata. Akakibandua nusu, akanipa lenzi yake. Chini ya karatasi kulikuwa na kidirisha cha mviringo cha kioo, na chini ya kioo kimraba kinachong'aa rangi za magamba ya samaki, na nyuzi nyembamba kuliko uzi wowote niliowahi kutunga kwenye sindano, zimeshonwa kutoka kimraba kwenda pembezoni. Nimeangalia mishono maisha yangu yote. Ule sijauona.

"Hii njo kumbukumbu ya zamani," akasema. Ukitaka kuifuta, unaichomoa, unaiweka chini ya taa ya mwanga mkali, ule wa jua unaounguza ngozi, dakika 20 hivi, mwanga unaingia kwa kidirisha na kusafisha kila kitu. Ndiyo maana imebandikwa karatasi, isije jua la dirishani likaifuta yenyewe polepole. Baadaye zikaja nyingine za kufutwa kwa umeme, bila kuchomolewa, lakini herufi moja moja. Nikamwambia hiyo naijua: ni kufumua mshono kwa wembe, tundu kwa tundu. Akasema ndiyo, hivyohivyo. Halafu ikaja ya tatu, ambayo haifumui tundu kwa tundu. Inafumua pande zima la kitambaa kwa mpigo mmoja. Pap, kama mwanga wa kamera. Hiyo ndiyo flashi.

Nikakaa kimya. Yaani kijiti changu chekundu, mtunza nyimbo zangu, hakikupewa jina kwa sababu kinatunza. Kimepewa jina kwa jinsi kinavyofuta.

Mzee hakunitajia majina ya watu; hayo niliyatafuta mwenyewe usiku kwa simu iliyopona. Mvumbuzi ni Mjapani, Fujio Masuoka, aliyekuwa kwenye kampuni ya Toshiba. Mwaka 1984 aliueleza uvumbuzi wake mbele ya mainjinia wenzake huko San Francisco. Jina inasemekana halikutoka kwake, lilitoka kwa mwenzake wa kazini, Shoji Ariizumi: aliona jinsi kumbukumbu inavyofutika yote kwa mara moja, akakumbuka mwako wa taa ya kamera. Vile vijiti vya kuchomeka vilikuja sokoni mwaka 2000 hivi, na vya mwanzo vilibeba megabaiti 8. Kwaya yetu ingeimba wimbo mmoja, labda na nusu ya wa pili. Ila ndani ya kijiti mna kumbukumbu ileile ya Masuoka, na ndani ya simu yako pia. Picha, nyimbo na vipimo vyote hulala juu yake, na programu kuu inayoiamsha simu nayo imelala hapohapo. Fundi akiiandika upya programu hiyo, anaandika juu ya flashi. Kwa hiyo kazi yenyewe nayo ikaitwa kuflashi. Kifaransa kikaliongezea neno mkia, "flasher", sisi tukaukata mkia na kulivalisha "ku-" kichwani, likawa letu.

Kijana wa kwanza, basi, hakukosea neno. Alilitumia vile linavyotumika. Nami nilikuwa na neno lilelile kichwani, ila la chumba kingine. Nimeona wenzetu wa Tanzania wanakiita kijiti hicho diski mweko, yaani mweko kama ule wa radi, na ni tafsiri nzuri, lakini nakiri kwamba masikio yangu, yakisikia "mweko", yanasikia "kuweka", na yanarudi palepale shimoni.

Mzee ananiambia hali ndiyo hiyo kila wiki. Mtu anakuja na "flashi", na mwenyewe anataka kuwekewa nyimbo kwenye kijiti. Mwingine flashi yake ni taa ya nyuma ya simu imegoma kuzima. Mama mmoja alikuja akilalamika kwamba simu yake inampigia flashi kanisani kila anapopigiwa, watu wanageuka. Alitaka ile taa ya kumweka isiwake tena. Alisema, "Papa, nitolee flashi." Fikiria angekutana na mwenye mikono myepesi! Ni kitufe kimoja tu kwenye mipangilio. Mzee alikizima, hakumdai kitu. Na kuna vijana wanaokuja na flashi ya kweli, simu imekwama kwenye nembo kama yangu. Kwa hao wote swali ni lilelile, flashi gani, na hulipi kwa kuulizwa.

Sasa niseme kazi yake inakwendaje, kwa sababu ndilo jambo mtu anayetaka kwenda pale atataka kulijua.

Ana daftari la shule, lile la mistari miwili. Anaandika jina lako, namba ya jirani yako (siyo yako, maana simu yako anayo yeye), shida kwa maneno yako mwenyewe, na mstari mmoja anaoupigia chini: ndani mna nini? Usipojibu anangoja. Ukisema "hakuna kitu", anataja kwa sauti, picha za watoto? namba za watu wa mkopo? sauti za marehemu? mpaka ukumbuke. Kwa simu ya dada yangu alifika kwenye "karatasi za shamba" na dada akaruka: picha za hati za kiwanja cha Kasapa zilikuwa humo, na karatasi zenyewe ziko kwa shemeji.

Baada ya hapo haanzi na kufuta. Anaichaji kwa chaja yake nusu saa, kwa kuwa, anasema, betri dhaifu pekee inaweza kuifanya simu izunguke kwenye nembo. Anaiingiza kwenye ile menyu ya matengenezo kwa kubonyeza kitufe cha kuwasha pamoja na cha sauti, anasafisha takataka za muda peke yake, na anajaribu kuiwasha. Ikikataa, anaangalia kama anaweza kuandika programu kuu bila kugusa upande wa vitu vyako. Hilo linawezekana mara nyingine, na hapa namlaumu yule wa kwanza kidogo zaidi: yangu, mzee anadhani, ilikuwa ya namna hiyo. Siku ile ilikuwa na ugonjwa wa kichwa tu, tumbo lilikuwa zima. Ni pale tu njia zote zikifungwa ndipo anasema tutafuta yote, anakusomea ulichotaja, na unaweka sahihi. Mama asiyejua kuandika anaweka alama ya kidole kwa wino wa kalamu.

Nilimuuliza kama vipimo vyangu vinaweza kuchimbwa hukohuko vilikofutwa, maana kuna vijana wanajitangaza kwamba wanarudisha kila kitu. Akaniuliza simu yangu ilitoka kiwandani na Android ya ngapi. Tukaangalia kwenye karatoni: 11. Akatikisa kichwa. Simu zilizozaliwa na Android 10, ile ya mwaka 2019, kuja mbele, vitu vya ndani vinakaa vimefungwa kwa ufunguo, na simu ikifutwa, ufunguo unakwenda nao. Hata ukikusanya vipande vyote, utakuwa na kitambaa kilichokatwakatwa bila kujua kipande gani ni mkono na kipi ni kola. Angeweza kunidai dola 20 za kujaribu. Nawajua wangenidai.

Malalamiko sasa, na ninayo.

Anachaji franka 3,000 kuifungua tu simu, iwe imepona au haikupona. Nilibishana naye. Akaniuliza kama mimi humpima mtu bure. Nikamwambia ndiyo, tena nimewapima 22 mara mbili bure. Akacheka, akachukua zile 3,000.

Hafungui Jumamosi, anasali. Kwa sisi ambao Jumamosi ndiyo siku ya soko, ni taabu. Ijumaa nayo anaanza kufunga vitu mapema, na ukija saa tisa utamkuta anafuta meza.

Anachelewa. Kuandika ile namba ya tarakimu 15 alisema ni saa mbili, ikawa siku mbili. Umeme ulikuwa haupo, na jenereta ya jirani yake inakodishwa kwa zamu, kinyozi akitangulia. Siku ya pili nilisubiri nikinunua kinywaji cha munkoyo mara tatu. Akikuambia "kesho", sikia "keshokutwa", utabaki na amani.

Hashiki vioo kabisa. Kioo kimepasuka, anakuelekeza kwa mwanafunzi wake wa zamani wa kazi upande wa pili wa soko, na huko sijafika, siwezi kusema.

Na anaongea. Nilichojifunza kuhusu jongoo wa kidirisha ni asilimia ndogo ya niliyoambiwa. Nimesikia pia habari za redio za valvu, ubora wa risasi ya kulehemu ya zamani, na kwa nini chaja za siku hizi ni nyepesi. Mtu mwenye haraka atateseka. Mimi nilikuwa na mashati mawili ya kutia vifungo kwa mkono, nikayamaliza palepale.

Kwa jumla nililipa dola 8 pamoja na ile ada, yeye akanipa karatasi yenye tarehe, kazi iliyofanywa na maneno "laini inashika". Mwandiko wake ni wa daktari, lakini ni karatasi. Kibanda cha kwanza sikupewa hata hiyo. Simu ya dada yangu ilikuwa dola 6, na hati za kiwanja ziko salama; alizitoa kwanza kwenye kompyuta yake, akaziweka kwenye flashi. Flashi ya kijiti. Aliniambia hivyo mwenyewe kabla sijauliza, "ya kijiti, mama," akainyanyua nione.

Harusi ilipita. Wanawake 22 walivaa, na yule wa kiuno cha 80 alivaa cha 86 na alipendeza kuwashinda wote. Vipimo sasa viko mahali pawili: kwenye simu, na kwenye daftari jipya la jalada gumu ninalolificha juu ya kabati, mbali na chai. Kila Jumapili jioni mwanafunzi wangu anakopi picha zote kwenye kijiti kingine, cheusi, ambacho hakiruhusiwi kusogea karibu na redio.

Ukienda kwa mzee, nenda Jumatatu au Jumanne asubuhi. Beba karatoni la simu kama unalo, neno la siri la akaunti yako, na kazi ya mkono. Chukua pesa zisizochanika, ingawa yeye haangalii sana ncha. Na usiketi upande wa kushoto wa benchi. Nilipita pale juzi, msumari bado uko.